Safari ya baiskeli kwenye njia ya lami: usingoje mwili ukuambie usimame

Wiki hii safu yetu inajibu barua iliyotoka mbali kidogo. Dada mmoja mzaliwa wa Tanga, ambaye sasa anaishi na familia yake katika jiji la Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ameandika kuhusu mumewe. Mume ana miaka 52, kazi yake ni udereva wa teksi, ana kisukari kwa mwaka wa nne na presha nayo imemwandama. Daktari wao amemtaka apunguze uzito na auchangamshe mwili. Basi amenunua baiskeli, na yeye na rafiki zake wawili wamepanga kusafiri kwa siku tatu kwenye njia ya baiskeli inayopita mashambani, kandokando ya Mto Little Miami. Dada anauliza: "Nimwache aende au nimzuie?"

Nitamjibu mwanzoni kabisa ili asisome ukurasa mzima akiwa na wasiwasi. Amwache aende. Mtu wa umri ule anayekaa garini saa kumi kwa siku akipata hamu ya kupanda baiskeli, hamu hiyo isizimwe. Ila asiende wiki hii, na asiende kabla hajakaa na daktari wake wakazungumza juu ya vidonge anavyomeza. Sababu nitazieleza.

Wapo watakaosema, sisi na Ohio wapi na wapi? Kwanza, ndugu zetu wako kule kwa wingi. Columbus ina jamii kubwa ya Wasomali, wakiwemo watu wa Barawa ambao Kiswahili chao ni cha kwao tangu mababu, na miji ya jirani ina ndugu kutoka Kongo na Burundi. Pili, tandiko la baiskeli halijui uraia. Kijana anayepeleka samaki mnadani kwa baiskeli kila alfajiri anaumia palepale anapoumia mtalii.

Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya treni

Njia yenyewe inaitwa Little Miami Scenic Trail. Urefu wake ni yapata maili 78, sawa na kilomita 125 hivi, kuanzia mji wa Springfield kaskazini hadi karibu na jiji la Cincinnati kusini. Imewekwa lami na magari hayaruhusiwi kupita. Asili yake ni reli. Kampuni ya reli ya Little Miami ilipewa kibali mwaka 1836, na kufikia mwaka 1846 treni ilikuwa inafika Springfield. Katika karne ya 20 treni zilipoacha kupita, reli na mataruma viling'olewa, na tuta lililobaki likageuzwa kuwa njia ya wapanda baiskeli na waenda kwa miguu.

Kwa sisi matabibu, habari hiyo ya reli ndiyo habari kubwa. Treni haiwezi kupanda kilima kikali. Wajenzi wa zamani walilazimika kukata vilima na kujaza mabonde hadi ardhi ikawa karibu sawa, na kwa kawaida mwinuko wa reli hauzidi mita mbili kwa kila mita mia moja. Kazi waliyoifanya kwa ajili ya injini ya mvuke ndiyo inayomfaa leo mtu mwenye kitambi na moyo uliozoea kukaa. Hapandi mlima wa kumpasua kifua. Anakanyaga pole pole, moyo unaenda mbio kiasi, na unaendelea hivyo kwa muda mrefu bila kupanda na kushuka ghafla.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kipimo cha wastani hakihitaji mashine. Ukiwa juu ya baiskeli uweze kuzungumza sentensi nzima na mwenzako, lakini usiweze kuimba kaswida. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Kwa mwendo wa maili nane kwa saa, ambao anayeanza anaumudu kwenye njia tambarare, dakika 150 zinapatikana kwa matembezi mawili ya maili kumi kumi.

Na mandhari yake ni ya kutuliza moyo. Kuanzia Xenia, mji ambao njia kadhaa za baiskeli zinakutana kwenye jengo lililojengwa kwa mfano wa stesheni ya zamani, mtu anashuka kusini kati ya mashamba. Mbele kidogo msitu unamfunika, mto uko ubavuni, na matawi yamekutana juu kama dari. Kati ya Corwin na Morrow anapita chini ya daraja la Jeremiah Morrow, ambalo barabara kuu ya magari inapita futi 239 juu ya mto, sawa na mita 73. Malori yako huko juu, huku chini anasikia ndege na cheni yake mwenyewe. Karibu na hapo, kwenye kilima, kuna Fort Ancient, maboma ya udongo yaliyojengwa na wenyeji wa kale wa nchi ile miaka yapata 2000 iliyopita. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023 pamoja na mengine ya jimbo hilo. Anayefika hapo na asipande kuyaona amejinyima.

Ulaini unavyodanganya

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Mwili wa mwanadamu umepewa ishara za kumwambia apumzike: pumzi kukata, jasho kutiririka, miguu kuwaka moto. Kwenye barabara ya milima ishara hizo zinakuja mapema. Ukifika kilima unasimama juu ya pedeli, makalio yanaachana na tandiko, damu inapita. Ukishindwa unashuka na kusukuma. Kilima kinakupumzisha kwa lazima.

Njia tambarare ya lami haina kilima cha kukupa amri hiyo. Unakaa mkao mmoja, mikono pale pale, makalio pale pale, saa nzima na ya pili, na unajiona mzima kabisa. Upepo wa mwendo unakausha jasho kabla hujaliona, ukadhani hujatoa maji. Kivuli cha miti kinakuficha na joto, kumbe mwezi wa Julai Ohio nako joto linafika nyuzi 29 au 30 na unyevu wake si haba. Na anayeanzia Springfield au Yellow Springs kuelekea kusini anafuata mto unakoshukia. Mteremko ni mdogo mno hata jicho halioni, lakini mguu unaupata. Anakwenda maili ishirini akijisifu, halafu anageuza na kugundua kwamba kurudi si kama kwenda, na pengine upepo nao umegeuka.

Ndiyo maana nasema, kwenye njia kama hii usingoje mwili ukuambie usimame. Weka vituo vyako mwenyewe kwa saa. Kila dakika kumi na tano simama juu ya pedeli kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini. Kila saa moja shuka kabisa, tembea, jinyooshe, kunywa maji, kojoa. Vituo vya swala vinasaidia sana kwa msafiri, lakini havitoshi peke yake. Anayeondoka saa moja asubuhi hana swala ya faradhi hadi Adhuhuri, na majira ya kiangazi kule Adhuhuri inaingia kati ya saa saba na saa nane mchana. Hizo ni saa sita na zaidi juu ya tandiko.

Tandiko, mikono na magoti

Hapa nitasema bila kuzunguka, kwa sababu wagonjwa wengi wanaona haya na wanakaa na maradhi. Mtu akiketi kwenye kiti, uzito wake unabebwa na mifupa miwili ya makalio. Akiketi kwenye tandiko jembamba, au tandiko lililoinua pua juu, uzito unahamia katikati, kati ya njia ya mbele na ya nyuma, mahali inapopita mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda kwenye sehemu za siri. Matokeo yake ni ganzi. Wanaume wanaipata, na wanawake pia. Ganzi hiyo si alama ya ushujaa. Ni mshipa unaobanwa, na anayeipuuza siku baada ya siku anaweza kupata matatizo ya kukojoa au ya unyumba. Ukiisikia, shuka papo hapo. Kisha rekebisha: tandiko liwe sawa na ardhi au pua ishuke kidogo sana, na upana wake utoshe kubeba ile mifupa miwili. Laini kupita kiasi nalo halifai, maana mifupa inazama na pale katikati panabanwa zaidi.

Michubuko ya mapaja na kinena inatokana na mambo matatu, nayo ni jasho, msuguano na mishono ya nguo. Kaptula za baiskeli zenye sponji zimeshonwa ili zivaliwe moja kwa moja juu ya ngozi, bila chupi ndani, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaokata. Juu yake mtu anavaa suruali pana au chochote cha kumsitiri. Paka vaselini kidogo mahali panaposuguana. Ukifika mwisho wa safari ivue mara moja, oga, kauka vizuri, na usiirudie kesho kabla haijafuliwa na kuanikwa. Nimeona majipu ya makalio kwa vijana wa bodaboda na wa baiskeli ambao kosa lao lilikuwa hilo moja tu, kukaa na nguo ya jasho hadi usiku. Fangasi nao wanapenda mahali penye joto na unyevu.

Kwa akina mama naongeza neno. Wengi wanajizuia kunywa maji safarini ili wasitafute choo, na wanajizuia mkojo kwa saa nyingi. Mkojo mzito uliokaa muda mrefu, pamoja na nguo iliyolowa jasho, ni karibisho la maambukizi ya njia ya mkojo. Kwenye njia hii vyoo vipo mijini na kwenye maegesho kadhaa. Vitafute kwenye ramani kabla ya kutoka, unywe maji kwa amani.

Mikononi, ganzi ya kidole kidogo na kile cha pete inatokana na kuegemea usukani kwa kiganja, upande wa kidole kidogo. Kuna mshipa wa fahamu unapita hapo. Badilisha mahali unaposhika, legeza viwiko, vaa glavu zenye sponji. Ganzi ikibaki siku kadhaa baada ya safari, au ukishindwa kubana karatasi kati ya vidole, nenda hospitali.

Magoti yanaamuliwa na urefu wa tandiko. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukihamia kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakuwa limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni tandiko lililo chini mno, ya nyuma ni lililo juu mno. Baiskeli zetu nyingi za nyumbani tandiko huwekwa chini ili miguu ifike ardhini, na ndiyo maana wazee wetu wanalalamikia magoti. Aliye na gia atumie nyepesi na kukanyaga haraka haraka, asisukume gia nzito.

Mwenye kisukari, mwenye presha

Hili ndilo la mume wa dada yetu, na hapa naomba asome mwenyewe.

Msuli unapofanya kazi unanyonya sukari kutoka kwenye damu. Hiyo ndiyo faida ya mazoezi kwa mwenye kisukari. Lakini anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenklamidi na glipizidi, tayari ana dawa inayoshusha sukari. Vikikutana viwili, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na si wakati wa safari tu. Msuli unaendelea kunyonya saa nyingi baadaye, mara nyingine hadi saa ishirini na nne, kwa hiyo hatari inaweza kumkuta usiku amelala kwenye nyumba ya wageni. Anayetumia metformini peke yake hatari yake ni ndogo sana. Ndiyo maana nikasema aonane na daktari kwanza. Huenda dozi ya siku za safari ikapunguzwa, na hilo si la kuamua mwenyewe nyumbani.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kichwa kuchanganyikiwa, kukasirika bila sababu. Tazama sasa mtego wake: mpanda baiskeli tayari anatoa jasho, moyo wake tayari unaenda mbio, na ana njaa. Atajuaje? Ndipo ninaporudia lile la vituo. Asimame kila saa apime. Na kama anatumia dawa za presha za jamii ya atenololi au propranololi, ajue dawa hizo zinaweza kuficha mapigo ya moyo na mtetemeko, likabaki jasho tu.

Vipimo vya kule Marekani vinasomeka kwa miligramu, vya kwetu kwa milimoli, na tarakimu zinatofautiana mara kumi na nane. Kabla ya kuondoka, ikiwa chini ya 90 kwa kipimo chao, yaani 5 kwa chetu, ale kwanza. Ikiwa juu ya 250, yaani karibu 14, na anajisikia vibaya au ana ketoni kwenye mkojo, asipande siku hiyo. Njiani ikishuka chini ya 70, yaani 3.9, anywe mara moja soda ya sukari nusu glasi au vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, akae dakika kumi na tano, apime tena. Haijapanda, arudie. Imepanda, ale kitu cha kukaa tumboni kama mkate. Tende zinafaa pia, na punje tatu nne mfukoni hazimlemei mtu. Soda ya "bila sukari" haisaidii kitu hapa. Na rafiki zake wawili lazima wajue haya yote, kwa sababu sukari ikishuka sana mgonjwa mwenyewe anakataa msaada na kusema yuko sawa. Akipoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, apigiwe simu 911. Kwa hiyo simu iwe na chaji, na wajue wako kati ya mji gani na mji gani.

Insulini isiwekwe kwenye mfuko wa nje wa keria unaopigwa jua, joto linaiharibu. Sindano ya asubuhi isichomwe pajani, maana paja linalokanyaga linaipeleka dawa haraka. Achome tumboni. Na kila jioni avue soksi akague nyayo na kati ya vidole, kwani mguu uliokufa ganzi kwa kisukari hausikii lengelenge.

Kwa upande wa presha, ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, safari ingoje hadi ishuke kwa dawa. Anayemeza vidonge vya kukojoza awe mwangalifu siku za joto, anaweza kusimama ghafla akaona kiza. Maumivu au uzito kifuani, unaokwenda begani au tayani, si uchovu. Asimame, na hapo hakuna kusubiri kituo kinachofuata.

Maji nayo yana kipimo. Kwenye joto, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa inawatosha wengi, kwa mafundo madogo madogo. Mkojo ukiwa rangi ya chai, umechelewa. Lakini kunywa lita kwa lita bila kiu nako kuna hatari yake, kwani maji yanazidi chumvi ya mwilini mtu akachanganyikiwa. Mwenzako akiwa na joto kali na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima na mpepee, huku mwingine akipiga simu. Maji ya mto msinywe hata yakiwa maangavu namna gani.

Nguo, kofia na makutano

Kofia ngumu ya baiskeli inapunguza majeraha makubwa ya kichwa, hilo halina ubishi tena. Ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, si nyuma ya kisogo kama kofia ya sherehe. Dada anayevaa hijabu avae ya kitambaa chepesi inayobana, bila pini na bila fundo kisogoni, kisha kofia juu yake. Nguo ndefu ni suala la usalama. Baibui au kanzu ikinaswa na cheni au spoki, aliyeivaa anaanguka chini ghafla. Ipandishwe ifungwe juu ya suruali, na baiskeli iwe na kikinga cheni.

Kule wanakwenda mkono wa kulia. Aliyezoea kushoto kwetu, siku akishtuka, mkono wake unampeleka kushoto bila kufikiri, na huko ndiko anakokutana na anayekuja. Anayetaka kumpita mwenzake anapiga kengele au anaita kwamba anapita upande wa kushoto. Na ingawa magari hayapiti juu ya njia, njia yenyewe inakatiza barabara za magari mara nyingi. Hapo ndipo palipo na hatari kubwa. Mtu aliyesahau magari kwa nusu saa anavuka bila kutazama.

Ukianguka na kuchubuka, osha kidonda kwa maji safi mengi yanayotiririka, toa kila chembe ya mchanga, kisha funika. Uliza chanjo yako ya pepopunda ni ya lini.

Na mpango wa safari? Nisingemshauri aanze na siku tatu. Kutoka Xenia hadi Yellow Springs ni maili kumi hivi. Aende na kurudi Jumamosi moja, apime sukari kabla, katikati, baada na kabla ya kulala, aandike. Wiki inayofuata Xenia hadi Corwin, yapata maili 14, na kurudi kwa gari akichoka. Akishafanya hivyo wiki sita au nane, karatasi ile ya vipimo aipeleke kwa daktari. Hapo Corwin hadi Morrow, na Morrow hadi Loveland, ambavyo ni maili 14 hivi kila kipande, vitakuwa vya kufurahia. Loveland ni mji uliozoea wapanda baiskeli, na aiskrimu ziko tele. Apime kwanza.

Usafi baada ya safari

Chupa ya maji yenye mdomo wa kunyonya ni kitu kichafu kuliko watu wanavyodhani. Inarushiwa vumbi, inashikwa kwa mkono uliogusa cheni, na ndani ya mdomo wake kunaota ukungu mweusi. Kila jioni ifunguliwe vipande vyote, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni na brashi ndogo, iachwe wazi ikauke. Kama ilikuwa na maji ya sukari au ya chumvichumvi, isikae hata usiku mmoja. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, si kupanguswa kwenye suruali. Anayetarajia kurekebisha cheni njiani abebe kipande cha sabuni.

Kandokando ya njia zile kuna mmea unaotambaa ambao majani yake yanakaa matatu matatu. Una mafuta yanayowasha ngozi na kutoa malengelenge kwa siku nyingi. Usikae kwenye majani usiyoyajua, na ukigusa osha haraka kwa sabuni na maji, pamoja na usukani na nguo.

Nyasi ndefu zina kupe, na baadhi yao wanaeneza maradhi. Ukirudi, kabla ya kuoga, kagua kinena, kwapa, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio na ndani ya nywele. Watoto wakaguliwe na wazazi. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Osha mahali hapo, na andika tarehe. Ukipata homa, au upele mwekundu unaopanuka siku hadi siku ndani ya mwezi mmoja, mwonyeshe daktari upele na hiyo tarehe uliyoandika, kwa sababu bila kuambiwa habari ya kupe atakutibu mafua.